Sumaku na Ndege Iliyonusa Chuma

Mume wangu anaitwa Sumaku na kila mtu, hata na mama yake mzazi. Jina alilipata kazini, na wakati analipata sisi wote tulicheka.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, meza za hoteli. Mikono yake ilikuwa na madoa ya cheche mpaka kwenye viwiko, na shati lisilo na tundu hakuwa nalo. Aliposikia kwamba uwanja wa ndege za majaribio unatafuta mafundi, alivaa shati langu la kazini kwa sababu lilikuwa zima, akaenda. Alirudi jioni anacheka peke yake njiani kama mtu aliyeokota kitu.

"Mke wangu," akasema, "wameniuliza kama nakijua chuma. Nikawaambia nimekula nacho, nimelala nacho. Wakasema vizuri, kazi yako ni kukizuia kisipite."

Sikumwelewa. Nilikuja kuelewa baadaye, nilipopata kazi ya jikoni kwenye kantini ya uwanja huohuo.

Pale palikuwa na ndege moja tu, ya majaribio, ya kushambulia magari ya vita. Ilikuwa ya jeti, mabawa mafupi, tumbo pana. Silaha zake hazikutazama mbele kama za ndege nyingine. Zilikuwa mitutu mifupi minene iliyopangwa tumboni, midomo ikitazama ardhi moja kwa moja. Rubani hakulenga kitu. Alitakiwa aruke chini kabisa, karibu kugusa vichaka, afungue kufuli ya silaha, basi. Chini ya tumbo kulikuwa na kisahani ambacho wahandisi walikiita pua. Pua ikipita juu ya chuma inakinusa, na mtutu unafyatuka wenyewe. Haikujua kifaru wala sufuria. Chuma ni chuma.

Wafanyakazi waliibatiza Mamamkwe, kwa sababu hapitiwi mbele ovyo, na kabla hujamkaribia unajitazama kwanza umevaa nini. Kufuli ilikuwepo, ndiyo, na ndege ikiwa ardhini ilitakiwa iwe imefungwa. Lakini kufuli ni kitu cha binadamu. Kwa hiyo walichora mstari mpana wa njano kuzunguka eneo lote la ndege, wakaweka benchi refu la mbao kwenye njia ya kuingilia, na hapo wakamweka mume wangu.

Ukifika kwenye mstari, unavua. Funguo, saa, mkanda, kalamu, sarafu, vyote juu ya benchi. Hata sisi wa jikoni, ambao mlango wetu ulikuwa karibu na mstari, tulinyang'anywa vibanio vya nywele, na kulabu za sidiria zikabadilishwa za plastiki, jambo lililozungumzwa kantini kwa majuma. Mume wangu hakuwa na dogo. Mhandisi Mkuu mwenyewe alipita pale ameshika suruali kwa mkono, mkanda ameuacha kwenye benchi, anamwamkia mume wangu kama mwanafunzi aliyechelewa. Na kila aliyerudi alikuta vitu vyake vimepangwa vizuri, kimoja kimoja, kila kilichokaa ukingoni amekisogeza kwa kidole kisianguke.

Kazi hiyo ilimwingia mwilini. Nyumbani, akifika mlango wa chumba cha kulala, mkono wake ulivua mkanda na saa na kuviweka juu ya stuli, na huku anaendelea kunisimulia habari za mchana. Ukimuuliza saa iko wapi, hajui. Siku moja tulikwenda benki, akafika mlangoni mbele ya askari akaanza kufungua mkanda. Askari alishika rungu. Mimi nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi, yeye akaona aibu, akasema, "Mkono tu huu, wala sikuwa nawaza." Nilimtania kwa jambo hilo miaka yote. Sasa najiuliza nilikuwa nacheka nini.

Rubani wa ndege ile alikuwa mdogo wangu.

Ni kitindamimba wa mama yetu, nami ni wa kwanza, kwa hiyo nilimbeba mgongoni kabla sijajua kuosha vyombo sawasawa. Mama alipofariki nilimlea mimi. Nilimfunga kamba za viatu, nilimchapa, nilimpeleka shule akilia. Alipoingia urubani nililia mimi. Alipochaguliwa kuirusha Mamamkwe alikuja jikoni kunipa habari mbele ya sufuria za viazi, mwembamba kama alivyokuwa siku zote, na mimi nikamwambia kwanza akae ale.

Yeye na mume wangu walikuwa mashemeji wa kweli, wa utani usio na likizo. Kila asubuhi ya kuruka, mdogo wangu alijaribu kupitisha kitu. Kipini kwenye soksi, msumari ndani ya mkate, sindano kwenye ukosi. Alivua vitu vyake kwenye benchi taratibu kama mtu mwema, kisha akasimama amenyoosha mikono.

"Leo nimekuweza, shemeji."

"Toa hicho kipini kwenye soksi kabla sijakuvua soksi mbele za watu."

"Umejuaje?"

"Umekuja unatembea kama bata. Toa."

Watu walikuwa wanakuja kusimama kando ili wasikilize. Mume wangu alijifanya mkali, lakini kipini alichokamata alinionyesha nyumbani kwa fahari, na siku ambazo mdogo wangu hakuruka, Sumaku alirudi amenuna bila sababu. Alimpenda. Hilo naliweka wazi mapema, kwa sababu nitasema mengine.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, muda wa chai ya asubuhi ulikuwa umepita. Vifaru vibovu vilikuwa vimepangwa porini nyuma ya kilima ili Mamamkwe avipitie. Tulisikia mitutu ikifyatuka, mmoja baada ya mwingine, na wahandisi waliokuwa uwanjani wakapiga makofi. Kisha makofi yakakatika. Dirisha la chumba cha redio lilikuwa linatazamana na mlango wa jikoni, na lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nikamsikia mdogo wangu kwa masikio yangu, sauti imetulia, anasema kufuli haifungi. Mitutu mitatu bado ina risasi. Na vipande vya kifaru vimemrukia, injini inatoa moshi.

Ndege ile haikuwa na kiti cha kumrusha rubani nje. Nafasi yote walikuwa wameipa mitutu. Alikuwa na mwavuli tu. Wakamwambia apande juu, aiache, aruke. Akasema hapana. Upande ule upepo ulikokuwa unaisukuma kulikuwa na mji, na mji wote ni mapaa ya bati. Akasema, "Ikipita pale bila mtu itamwaga kila ilicho nacho. Naileta. Ondoeni chuma."

Mimi nilikuwa na kisu cha plastiki mkononi na kiazi kimoja. Nilikaa nacho hivyohivyo.

Chuma kiliondolewa. Gari la zimamoto lilikuwa tayari nyuma ya tuta, mbali, kama kanuni ilivyotaka, kwa sababu gari zima ni chuma. Wazimamoto walikimbia kwa miguu, ndoo za plastiki zimejaa mchanga, na shoka lao la shaba, ambalo pua haikulinusa. Mume wangu aliwapitisha kwenye mstari akiwapapasa mmoja mmoja, haraka. Hakunitazama.

Mdogo wangu alikuja kutoka upande wa pori, chini, moshi mweusi nyuma yake. Aligusa vizuri. Nilisema asante kwa sauti. Kisha gurudumu la mbele likavunjika, ndege ikainama mbele ikakwaruza lami, ikazunguka kidogo, ikaja kusimama upande wetu, karibu kiasi kwamba nilimwona kichwa chake ndani ya kioo. Moto ulikuwa mkiani. Injini ilikuwa bado inalia, mlio ule wa kutoboa, hata ukipiga kelele hujisikii.

Kifuniko cha kioo kiligoma kufunguka. Mgongo wa ndege ulikuwa umejipinda, kikabanwa. Nilimwona anakisukuma kwa mabega. Mzimamoto wa kwanza alipanda juu ya ndege kwa mbele akapiga kwa shoka la shaba, na shoka likapinda. Akapiga tena, likapinda zaidi. Shaba ni laini, na kioo kile kilitengenezwa kuzuia risasi. Moto ukatambaa kutoka mkiani kwenda kwenye bawa.

Hapo ndipo mume wangu alipowaza vizuri kuliko wote, na sitamnyima haki yake. Alikimbia mpaka kwenye tuta, kwenye gari, akachomoa shoka la chuma. Mhandisi Mkuu akanyoosha mikono kumzuia, anapayuka. Nilijua mume wangu anamjibu nini hata bila kusikia, kwa sababu alikuwa ameliinua shoka juu ya kichwa kwa mikono miwili: pua inanusa chini, hainusi juu. Akija na shoka kwa mbele, juu, lisipite chini ya tumbo, mitutu haitajua. Mhandisi akampisha. Mume wangu akaja mbio, mtu mzima mwenye tumbo lake, shoka limeinuliwa, na mimi nikiwa nyuma ya uzio wa mbao nikaanza kumwita Mungu na yeye kwa pamoja.

Alifika kwenye mstari wa njano. Akasimama. Akaliteremsha shoka, akaliweka juu ya benchi.

Mpini ulikuwa umejitokeza ukingoni. Akausogeza kwa kidole.

Kisha akavuka mstari, akakimbia mpaka kwenye ndege, mikono mitupu.

Nilipiga kelele. "Shoka! Baba, shoka! Benchi!" Nilipiga zile mbao za uzio kwa viganja mpaka vikachanika. Uzio ulinizidi kimo cha kuruka, na geti lake lilikuwa upande wa pili wa jengo. Injini ilikula sauti yangu yote. Yeye alipanda juu ya ndege kwa mbele, akasimama juu ya kioo, akainua mikono miwili kupiga, na hapo, mikono ikiwa hewani, akaitazama. Uso wake niliuona. Siku nikifa nitakuwa bado nauona.

Alirudi. Alikimbia kama sijawahi kumwona akikimbia, akaanguka, akainuka, akalichukua shoka, akaliinua, akaenda. Wazimamoto walidhani mara ya kwanza alikwenda kuangalia tu. Kioo kilipasuka kwa pigo la tatu au la nne. Lakini moshi ulikuwa umeshaingia ndani, na moto nyuma yake. Alimvuta mdogo wangu kwa mabega, nguo zinawaka, mikono yake mwenyewe ikaungua mpaka leo kidole kimoja hakikunjiki. Wakamburuta mpaka nje ya mstari. Nyuma yao moto ukaifikia mitutu, ikafyatuka ardhini, na Mamamkwe akaisha.

Hospitali walimlaza mdogo wangu chumba cha peke yake, amefungwa bandeji nyeupe kutoka kiunoni mpaka kidevuni. Macho yalikuwa mazima. Daktari alikuwa mtu mpole, alinichukua kando ukumbini, akanieleza kwamba ngozi si tatizo kubwa sana, tatizo ni mapafu, amevuta moshi wa moto. Akasema, kwa nia njema kabisa, hakujua anamwambia nani, "Angetolewa mapema kidogo tu, dada, tungekuwa tunazungumza mengine."

Nilimshukuru. Nilikwenda chooni nikajifungia, nikauma kanga yangu.

Mume wangu hakuingia wodini. Alikaa nje, kwenye ukingo wa saruji karibu na geti, mikono yake imefungwa bandeji, kila anayeingia anampa pole na pongezi. Uwanja mzima ulikuwa unamwita shujaa. Aliposikia neno hilo alikuwa anainamisha kichwa kama aliyetukanwa. Mimi nilipita mbele yake kwenda na kurudi na chupa ya uji, sikumsemesha. Ulimi wangu ulikuwa mzito, na nilijua ukifunguka utaua mtu.

Mdogo wangu akauliza, kwa sauti iliyobaki kama karatasi, "Shemeji yuko wapi?"

"Yuko nje."

"Mlete."

"Pumzika kwanza."

"Dada. Mlete."

Nilimleta. Alisimama mlangoni, hakukaribia kitanda. Mdogo wangu akamtazama muda, kisha nikaona pembe za macho yake zinakunjamana kama zamani, kwenye mstari, asubuhi.

"Shemeji," akasema. "Nilikuona. Kupitia kioo."

Mume wangu akaificha mikono yake ya bandeji nyuma ya mgongo.

"Uliliweka kwenye benchi." Akavuta pumzi, ikamchukua muda. "Halafu... ukalisogeza. Eti lisianguke."

Na akacheka. Mtu amefungwa kama maiti, mapafu hayana kitu, akacheka mpaka mashine ikapiga kelele na muuguzi akaja mbio. Machozi yalimtoka kwa kucheka. "Shemeji, wewe! Mimi ninaungua, wewe unapanga vitu!"

Mume wangu alianguka magoti pale mlangoni. Alilia kama ng'ombe, sina neno lingine. Mdogo wangu akawa anajaribu kuinua mkono uliofungwa ili amguse, haukuinuka. Akasema, "Acha bwana. Acha. Ni mkono tu huo. Ungekuwa mzembe ndiyo ningekukasirikia." Kisha akamwomba amsogezee mto, mume wangu akamsogezea, akakaa naye usiku kucha na siku iliyofuata, anamlowanisha midomo kwa pamba. Mdogo wangu alikufa adhuhuri, mume wangu ndiye aliyekuwa amemshika. Mimi nilikuwa nimekwenda kubadilisha maji.

Msibani, watu walipokuwa wamejaa uani na Mhandisi Mkuu amesimama kumsifu shujaa, mume wangu alinyanyuka akamkatisha. Akasema yote. Alivyolichukua shoka, alivyoliweka, alivyokwenda mikono mitupu. Hakujipamba wala hakujipunguzia lawama. Kisha Mhandisi akamkumbatia. Wazimamoto wakaja mmoja mmoja. Wajomba zangu wakasema ni mshtuko, inaweza kumpata yeyote. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kumsamehe mtu hata deni la chumvi, alimshika kichwa akamwambia, "Mwanangu, mkono ulifanya ulichofundishwa." Wote walimsamehe siku moja, uani kwangu, huku nagawa chai.

Mimi niligawa chai.

Ndege nyingine kama ile haikutengenezwa. Benchi walilichoma kuni, nasikia. Mume wangu amerudi kwenye kuchomelea, kibanda chake kiko mtaa wa pili, na kazi yake ni nzuri, tena kuliko zamani. Saa na mkanda anavivua sasa akiwa kitandani, makusudi, anaitazama mikono yake mpaka imalize. Watu wanampenda. Akipita wanamsimamisha wamwamkie.

Najua kila walichosema ni kweli. Najua ni mkono tu. Najua angeingia kwenye moto ule mara kumi. Mdogo wangu mwenyewe, mwenye roho yake, alimsamehe kwa kicheko, na mimi ni nani? Nimejiambia hayo nikiosha vyombo, nikifua, nikimfunga bandeji. Kisha namwona anakata mkate mezani, na kile kidole kinazoa makombo ya ukingoni na kuyasogeza katikati, na kitu kinapanda kifuani mwangu kinachotaka nimmwagie chai ya moto. Halafu nampakulia. Tumeishi hivyo.

Juzi asubuhi, kabla hajaenda kibandani, aliweka kikombe chini akanitazama. Hakuwahi kuniuliza, siku zote hizo.

"Na wewe?" akasema.

Ningeweza kumdanganya. Uongo ule ningeusema kwa upole na angeukubali, na labda angelala usiku. Lakini mdogo wangu nilimbeba mgongoni, na mtu huyu ni mume wangu, na wote wawili nawadai ukweli na wananidai.

"Bado," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akaiweka mikono juu ya meza.

"Siku ukifika hapo," akasema, "uniambie. Hata kama nimelala, uniamshe."

Nikasema nitamwamsha. Akachukua kofia yake ya kazi, akatoka, na mimi nikakaa pale nalia kwa sababu ninamtaka arudi na sitaki kumwona.